Mkanda wa Gari Unaokwama: Madhara Yake Mwilini na Namna ya Kuurekebisha

Mkanda wa usalama uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959 huigawa nguvu ya kishindo cha ajali kwenye mifupa imara ya nyonga, kifua na bega. Ukilegea, mwili hurushwa mbele kabla ya kuzuiwa. Na sehemu yake ya chini ikipanda tumboni, yaweza kuchana utumbo.

Katika magari ya zamani, mkanda hurudi polepole mara nyingi kwa sababu ya jasho, vumbi na mafuta yaliyoganda kwenye utepe na kwenye pete ya juu unamopita. Uvute wote, ubane usirudi, uusugue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha uifute pete. Usiuachie kabla haujakauka kabisa. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo, kwani hudhoofisha nyuzi. Wala usitie grisi, kwani hunasa vumbi.

Ukiendelea kukwama, usikifungue mwenyewe kifaa kinachoukunja: kina springi yenye nguvu, na katika baadhi ya magari kina baruti. Hiyo ni kazi ya fundi stadi. Mkanda uliochanika au uliopitia ajali kubwa hausafishwi, hubadilishwa.