EFI kugeuzwa kabureta: Nafuu ya gereji, hasara ya barabarani

Mfanyabiashara anayetafuta gari lililotumika mpakani Tunduma, akionyeshwa Corolla au Carina ya miaka ya 1990 ambayo bei yake iko chini kuliko za wenzake, asikimbilie kuhesabu fedha. Kwanza aombe boneti ifunguliwe. Huenda injini hiyo ilitoka kiwandani ikiwa ya EFI, na baadaye ikafungwa kabureta.

Kazi hiyo si ngeni kwa mafundi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wananchi kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na njia ikafunguka kwa magari yaliyotumika kutoka Japani. Mafundi waliokulia kwenye Peugeot 504, Land Rover na Datsun 120Y wakajikuta wanatazamana na nozeli, sensa na kontroli boksi. Waya mmoja ukikatika gari lililala gereji wiki nzima. Ushauri uliofuata ulikuwa mmoja: ng'oa, funga kabureta.

Sababu nyingine ilikuwa mafuta. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huharibu mwako, na uchafu huziba nozeli. Sababu hii imepungua nguvu. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuua faida ya kuchanganya. Petroli ya kwenye madumu bado huwa na maji na vumbi, lakini dawa yake ni chujio jipya, si injini mpya.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Kubadili kabureta peke yake hakutoshi. Pampu ya EFI husukuma petroli kwa nguvu ya takriban bar 2.5 hadi 3, wakati kabureta huridhika na chini ya nusu bar. Ukiiacha pampu ya zamani, sindano ya floti inashindwa kuzuia, petroli inafurika na kumwagika juu ya injini ya moto. Hapo mwenye gari anaweza kupoteza mtaji wote kwa moto wa dakika chache.

Manifoldi ya hewa nayo hubadilishwa. Halafu kuna distributa, ambayo wengi huisahau. Kwenye injini nyingi za EFI ni kontroli boksi inayoamua plagi ziwake lini. Ukiing'oa, unahitaji distributa ya kizamani inayojipangia yenyewe kadiri mwendo unavyobadilika. Wapo wanaoacha kontroli boksi ishughulikie plagi tu. Inawezekana, lakini basi umebaki na waya na sensa zilezile ulizokuwa unazikimbia. Gari lenye gia otomatiki zinazopokea amri kutoka kontroli boksi lisiguswe kabisa.

Kubwa zaidi kwa mkoa wa Songwe ni mwinuko. Tunduma, Vwawa na Mlowo ziko zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kutoka Dar es Salaam hupita Uyole, ambako reli ya TAZARA hufikia kilele chake cha karibu meta 1,789. Kwenye meta 1,500 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani. EFI hupima hewa na kupunguza petroli yenyewe. Kabureta haijui imefika wapi. Jeti iliyopangwa Dar es Salaam itaendelea kumwaga petroli nyingi. Gari linanuka mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, sailensa inayumba, na kama masega bado yapo kwenye bomba la moshi, yanaungua.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Gari lililopangiwa jeti Vwawa likishuka pwani, au likiteremka bonde la Rukwa kwenda Kamsamba, linapata petroli kidogo kuliko hewa. Injini inachemka na vali zinaweza kuungua.

Tuchukue mfano wa mwenye teksi. Gari la EFI lililokuwa likienda kilomita 10 kwa lita, baada ya kubadilishwa likaenda 8. Kwa kilomita 100 kwa siku, lita 10 zimekuwa 12.5. Kwa siku 25 za kazi ni lita 62.5 zaidi kila mwezi, na kwa mwaka lita 750. Tukikadiria lita kwa Sh. 3,000/=, ni Sh. 2,250,000/= kwa mwaka. Fundi alilipwa mara moja. Petroli inalipwa kila asubuhi.

Kabla ya kukubali kung'oa, kuna kipimo kisichohitaji kompyuta. Toyota nyingi za kabla ya 1996 zina kiboksi cha ukaguzi ndani ya boneti. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni ya kupima hewa, 41 ni ya mkao wa kilango cha hewa. Sensa ya maji ikifa gari huwaka kwa shida asubuhi na kula mafuta mno, dalili zilezile zinazowafanya wengi waseme EFI imekufa.

Wanaotamani koo nne za hewa, moja kwa kila silinda, kama zile za 4A-GE ya vali 20 ya mwaka 1991, wajue kwamba hizo nazo huendeshwa na kontroli boksi. Ni raha ya vijana wa mbio. Kwa biashara hazina nafasi.

Je, ipo hali inayokubalika? Ipo. Injini iwe na ndugu yake wa kabureta kutoka kiwandani, kama 5A-FE na 5A-F, mfumo wa waya uwe umeungua kweli, vifaa vyote vya huyo ndugu vipatikane pamoja, na gari lifanye kazi eneo moja. Mkulima wa kahawa Mbozi asiyevuka Vwawa anaweza kuona nafuu, mradi jeti zipangwe hukohuko.

Kwa mnunuzi, baki na mambo machache. Nusa tangini na kwenye injini. Fuata bomba la mafuta uone pampu ni ipi. Waya zilizokatwa na kufungwa utepe zihesabiwe kwenye bei. Mwisho, soma namba ya injini na uilinganishe na kadi ya gari. Kufunga kabureta hakubadili namba, lakini pale fundi alipoona ni rahisi kuweka injini nzima nyingine, namba imebadilika, na kama TRA haikuarifiwa, swali hilo litamkuta mnunuzi, si muuzaji, siku atakapotaka kuvuka kwenda Nakonde.