Usimwogeshe Kwanza

Akina mama wenzangu, mtoto akirudi nyumbani analia, nguo zimechanika, akasema ametendewa ubaya, moyo wa mama humtuma kuinjika maji amwogeshe. Ni huruma, lakini maji hayo humfuta shahidi wa kwanza.

Shahidi huyo ni vinasaba, yaani alama za urithi zilizomo katika damu, mate na manii. Mwaka 1984 mwanasayansi Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kumtambua mtu kwa alama hizo. Baadaye polisi wa huko walimwomba msaada. Wasichana wawili wa miaka 15 walikuwa wamebakwa na kuuawa, na kijana mmoja alikuwa amekiri mauaji ya pili. Vipimo vilionyesha si yeye, akaachiwa. Mwuaji wa kweli alihukumiwa mwaka 1988. Hivyo elimu ya chuo na kazi ya polisi vilimwokoa asiye na hatia, vikamnasa mwenye hatia.

Hapa nchini uchunguzi huo hufanywa na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na tuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Lakini maabara haiwezi kupima kilichokwisha kufuliwa. Nasi wa Nainokanoka, Karatu tu ni safari, sembuse Arusha. Kwa hiyo hatua za mwanzo ni zetu:

1. Usimwogeshe mtoto, wala usifue nguo wala shuka aliyojifunga.

2. Nguo iliyolowa ianikwe kivulini. Ikikauka, kila moja itiwe katika bahasha yake ya karatasi, si mfuko wa nailoni, maana unyevunyevu huozesha ushahidi.

3. Wahi polisi upate fomu ya PF3, na wahi kituo cha afya. Dawa za kuzuia Ukimwi zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Zikianza mapema zaidi ni bora.

4. Usimkaripie, wala usiruhusu kila jirani amhoji.

Wako watakaoshauri mambo yaishe kwa wazee, kwa fidia ya ng'ombe. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ubakaji una kifungo kisichopungua miaka 30. Ng'ombe hamponyi mtoto, wala hamlindi binti wa jirani.

Vipimo vikiisha kuchukuliwa, ndipo uinjike maji, umwogeshe na kumkumbatia.