Kweli au uongo: kahawa na ua wa minyaa hunywa kila siku wakati wa kiangazi?

Mwezi wa saba, Masisi, Kivu ya Kaskazini. Vumbi la barabara ya Sake limetanda juu ya majani, na mtoto anapanda kilima kutoka chemchemi, bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Kabla maji hayo hayajamwagwa shambani, tujue ni nani hasa mwenye kiu.

"Kahawa na ua vimwagiliwe kila siku."
UONGO. Mche wa msimu huu ndio wa kunyweshwa mara kwa mara, maana mizizi yake bado iko juu. Mti wa miaka mitatu umeshazamisha yake. Ukiupa kikombe kila jioni, unalowanisha ngozi ya udongo tu, na jua la kesho linaikausha. Ukiona umekaukiwa kweli, upe bidoni nzima taratibu, kisha usubiri wiki moja au mbili. Lita 20 kwenye mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 20. Ua wa minyaa usiupe kitu: mnyaa hujiwekea maji matawini.

"Majani yakilegea mchana, mti una kiu."
UONGO, mara nyingi. Rudi alfajiri. Yakiwa yamesimama, lilikuwa joto tu. Yakiwa bado yamelegea, chimba kina cha kiganja. Udongo ukishikana mkononi, acha. Ukitawanyika kama unga, leta maji.

"Matone ya saa sita mchana huunguza majani."
UONGO kwa majani laini kama ya kahawa. Watafiti wa Hungaria walilipima jambo hili mwaka 2010. Hatari waliiona kwenye majani yenye manyoya. Hata hivyo, mwagilia asubuhi, maana mchana maji mengi hupotea hewani.

"Kahawa hufaidika na ukavu kidogo."
KWELI. Vichipukizi vya maua ya arabika hulala wakati wa ukavu. Mvua ya kwanza huviamsha, na baada ya siku kama kumi shamba huwa jeupe kwa maua.

"Kinachofaa Masisi kinafaa Walikale."
UONGO. Masisi ni milima na malisho, na kiangazi chake huonekana. Walikale hushuka hadi msituni, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Huko mti uliokomaa huhitaji mfereji wa kutolea maji zaidi kuliko bidoni, kwani maji yakituama mizizi huoza.

"Majani makavu ya migomba ni sawa na maji."
KWELI. Yatandaze chini ya mti, mbali kidogo na shina, na unyevu utakaa ardhini siku nyingi zaidi.

Basi udongo uguswe kwanza, ndipo mtoto atumwe. Kila safari isiyo ya lazima kwenye kilima kile ni nguvu ya mtoto tunayoimwaga chini, na nyumbani bado kuna chungu kinachosubiri maji.