Kanuni za ndege na ajali zinazozieleza

Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ilitekwa na watu watatu waliomtaka rubani awapeleke Australia. Mafuta yakaisha angani. Rubani Leul Abate akaishusha baharini karibu na ufuko wa Ngazija, Visiwa vya Komoro, wageni wa hoteli ya jirani wakishuhudia. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki. Baadhi yao walinusurika kishindo cha kwanza lakini hawakutoka. Walikuwa wamejaza hewa majaketi okozi wakiwa bado ndani, na maji yalipoingia majaketi hayo yakawanyanyua na kuwabana darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango.

Ni kwa kuhofia hatari hiyo mhudumu husema kabla ya safari: vaa jaketi, lakini usilijaze hewa mpaka utoke mlangoni. Tangazo hilo ni fupi, na mara nyingi hutolewa kwa Kiingereza, Kiarabu au Kituruki. Wazee wengi wanaopanda ndege kwa mara ya kwanza, wakija kuwaona watoto na wajukuu ughaibuni, hulisikia bila kulielewa. Wasafiri wazoefu nao hulipuuza kwa kudhani wanalijua. Hapa jumuiya za Waswahili zina kazi kubwa: kueleza, kwa lugha ya nyumbani, sababu ya kila kanuni. Mtu akishajua sababu, hahitaji kuamrishwa.

Begi libaki

Faida ya kutii ilionekana wazi Tokyo tarehe 2 Januari 2024. Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya Walinzi wa Pwani wa Japani kwenye njia ya kurukia ya uwanja wa Haneda, ikashika moto. Watu watano kati ya sita waliokuwa katika ndege ya walinzi walifariki. Katika ile kubwa mlikuwa na abiria 367 na wafanyakazi 12, na wote 379 walitoka hai. Kati ya milango minane ya dharura, ni mitatu tu iliyofaa kutumika. Mfumo wa matangazo ulikuwa umekufa, hivyo wahudumu waliongoza watu kwa kupaza sauti. Abiria walisubiri kuelekezwa, wakaacha mizigo yao, wakateleza nje. Baadaye ndege yote iliteketea.

Huko Dubai, tarehe 3 Agosti 2016, mambo yalikwenda tofauti. Boeing 777 ya Emirates iliyokuwa na watu 300 iliburuzika kwenye njia ya kurukia na kuwaka moto. Video iliyopigwa ndani ilionyesha abiria wakifungua makabati ya juu kutafuta mabegi huku wahudumu wakiwapigia kelele watoke. Wote 300 waliokoka, lakini dakika chache baadaye tangi la mafuta lililipuka na kumuua mzimamoto mmoja. Lau watu hao wangechelewa kidogo zaidi, habari ingekuwa nyingine kabisa.

Kabla ndege kubwa ya aina mpya haijaruhusiwa kubeba abiria, mtengenezaji hutakiwa kuthibitisha kwamba waliomo wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Sekunde hizo hazina nafasi ya kufungua kabati. Begi huziba njia kati ya viti, huweza kumwangusha aliye nyuma, na chuma chake huweza kutoboa mtelezo wa kujaa hewa ambao watu wengine bado wanauhitaji.

Wanaoishi ughaibuni wanajua kinachomfanya mtu ashike begi saa ya hatari. Ndani yake kuna pasipoti, kibali cha ukaazi, pengine fedha za harusi au za matibabu ya mama. Hofu hiyo ni ya kweli na inastahili jibu la vitendo: wakati wa kuruka na wa kutua, pasipoti, kibali na dawa za lazima ziwe mwilini, katika mfuko mdogo wa shingoni au wa kiunoni. Mwenye karatasi zake kifuani hana cha kurudia kabatini.

Mkanda, moshi na betri

Tarehe 21 Mei 2024, ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na msukosuko mkali wa hewa ilipokuwa juu ya Myanmar. Abiria mmoja alifariki na makumi ya watu walijeruhiwa. Uchunguzi wa awali ulionyesha kwamba katika muda wa chini ya sekunde tano ndege ilishuka kiasi cha futi 178, na wasiofunga mikanda walirushwa juu kisha wakaanguka kwa kishindo. Katika muda mfupi kama huo hakuna anayewahi kuutafuta mkanda. Ufungwe muda wote mtu akiwa ameketi, hata taa ya ishara ikiwa imezimwa, hata akiwa amelala.

Marufuku ya sigara nayo ina historia yake. Mwaka 1973, ndege ya Varig iliyotoka Rio de Janeiro ilitua shambani karibu na Paris baada ya moto kuanza chooni, na watu 123 wakafa, wengi wao kwa moshi. Sigara iliyotupwa kwenye pipa la taka ilishukiwa kuwa chanzo. Ndiyo sababu ndege za leo, ingawa haziruhusu kuvuta, bado zina kisahani cha majivu chooni: akitokea mkaidi, kipande chake kisiishie kwenye karatasi.

Siku hizi hofu kubwa imehamia kwenye betri za lithiamu. Betri iliyoharibika huweza kupata joto lisilozuilika na kulipuka moto. Ikitokea ndani ya chumba cha abiria, wahudumu wataiona na kuishughulikia. Ikitokea kwenye shehena, itachelewa kugunduliwa. Kwa hiyo pawabanki haiwekwi kamwe kwenye mzigo unaokabidhiwa kaunta. Kikomo cha kawaida bila kuomba idhini ni wati-saa 100, na hesabu yake ni rahisi: zidisha namba ya mAh kwa volti, kisha gawa kwa 1,000. Pawabanki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74, hivyo inaruhusiwa. Baadhi ya mashirika yamekaza zaidi: tangu tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates hairuhusu pawabanki kutumika ndani ya ndege.

Neno la mhudumu ni neno la sheria

Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 humpa rubani mamlaka ya kumfunga abiria anayehatarisha safari, kumteremsha, au kumkabidhi kwa polisi mahali ndege inapotua. Nchini Marekani, ambako mwaka 2021 ziliripotiwa karibu kesi 6,000 za abiria wakorofi, nyingi zikihusu barakoa, faini inaweza kuzidi dola 40,000 kwa kosa moja. Anayemshambulia au kumtisha mhudumu hadi kumzuia kufanya kazi anaweza kufungwa hadi miaka 20. Kwa mhamiaji ambaye bado hajapata uraia, hukumu ya jinai inaweza pia kuvuruga kesi yake ya ukaazi. Hasira ya dakika moja kuhusu kiti haifai kugharimu kiasi hicho.

Hata mazoea yanayoonekana madogo yameanza kuadhibiwa. Mei 2025, Uturuki, ambayo Waafrika Mashariki wengi hupitia wakienda Ulaya na Marekani, iliagiza kwamba abiria wanaosimama kabla ndege haijafika mahali pa kuegesha waripotiwe ili watozwe faini. Sababu ni usalama: ndege inayotembea uwanjani huweza kufunga breki ghafla, na begi linaloshushwa kutoka juu likampasua kichwa mtoto wa mtu.

Kanuni za ndege humpa abiria haki pia. Katika safari zinazoanzia Umoja wa Ulaya, mtu mwenye shida ya kutembea ana haki ya kusaidiwa bila malipo, na inapasa shirika lijulishwe saa 48 kabla. Kwa mzee asiyejua lugha ya wahudumu, familia inaweza kufanya maandalizi kwa simu ya video siku chache kabla ya safari: namna ya kufunga na kufungua mkanda, mahali jaketi linapokaa, kuhesabu safu za viti hadi mlango wa karibu. Aambiwe pia kwamba mfukoni mwa kiti cha mbele yake kuna kadi inayoonyesha hayo yote kwa picha, na kwamba anaweza kumwita mhudumu amwonyeshe kwa ishara chochote ambacho hakukielewa.