Kwa Nini Mafuta ya Nguruwe Yanakuwa Laini? Somo Kutoka Kitendaguro



Tulipowatembelea wafugaji wa Kitendaguro, Manispaa ya Bukoba, tulikutana na lalamiko ambalo hatukulitarajia. Nguruwe walikuwa wamenenepa vizuri, lakini mwenye bucha alishusha bei. Alisema mafuta ni laini mno, nyama haipendezi ikitundikwa na inapata harufu mapema. Kwa mama aliyemtegemea nguruwe huyo kulipa ada ya shule, tofauti hiyo si ndogo. Tulipofuatilia tuliona kwamba chanzo ni chakula, na sehemu ya kosa ni yetu: tulihimiza mashudu ya alizeti bila kueleza yatumike kiasi gani na hadi lini.

Nguruwe si ng'ombe

Ng'ombe hucheua. Vijidudu vilivyomo tumboni mwake hubadili sehemu kubwa ya mafuta ya chakula kabla hayajaingia mwilini, na hivyo mafuta yake hubaki magumu. Nguruwe ana tumbo moja kama binadamu. Mafuta anayokula huhifadhiwa chini ya ngozi yakiwa karibu vile vile yalivyoliwa.

Hapa ndipo aina ya mafuta inapoleta tofauti. Mawese ya Kigoma huanza kuganda asubuhi ya baridi, lakini mafuta ya alizeti ya Singida hubaki maji. Mafuta ya mahindi na soya pia hayagandi. Nguruwe akila kwa wingi mafuta yasiyoganda, na yake hulainika. Mafuta ya aina hiyo huathiriwa upesi na hewa, ndiyo maana nyama hupata harufu mapema, hasa mahali pasipo na jokofu.

Wanga ni tofauti. Nguruwe akila muhogo, viazi vitamu au maganda ya ndizi yaliyopikwa, mwili wake hutengeneza mafuta yake wenyewe kutokana na wanga huo, nayo huwa magumu zaidi.

Tusieleweke vibaya: mafuta laini si sumu, na mlaji hadhuriki kwa ulaini wake. Hasara ni ya sokoni, na kwa anayetaka kutengeneza soseji. Pia nguruwe aliyechinjwa akiwa mdogo na mwembamba huwa na mafuta laini hata kama amelishwa vema.

Tufanye nini?

1. Mashudu yaendelee kutumika, kwa kuwa yana protini, lakini kwa kiasi. Mashudu ya mashine ndogo hubaki na mafuta mengi kuliko ya viwanda vinavyotoa mafuta kwa kemikali. Yakiacha mafuta mkononi unapoyafinya, yapunguzwe.

2. Katika wiki 6 hadi 8 za mwisho kabla ya kuchinja, mashudu yenye mafuta na pumba za mahindi vipunguzwe, na wanga uongezwe. Mafuta yaliyokwisha kuwekwa mwilini hayaondoki kwa siku chache, kwa hiyo kubadili chakula wiki ya mwisho hakusaidii.

3. Protini isikatwe kabisa. Soya iliyokaangwa vizuri inafaa kwa kiasi kidogo, kwani nayo ina mafuta. Soya mbichi isitumike.

4. Dagaa waondolewe mapema katika kipindi hicho. Mafuta yao hulainisha nyama na kuipa harufu ya samaki.

Ombi letu

Bajeti nyingi za miradi yetu zina fungu moja tu la chakula, na kikundi hununua kilicho rahisi siku hiyo. Tunaziomba kamati zitenge mafungu mawili: chakula cha kukuzia na chakula cha kumalizia. Tunawaomba wafadhili nao watuelewe tunapoleta mchanganuo wa namna hiyo. Mradi humsaidia mfugaji pale nguruwe anapouzwa kwa bei inayostahili, na kunenepa peke yake hakutoshi.