Mkulima wa korosho na uwezo wa kukataa bei

Oktoba 2018, wakulima wa korosho wa Newala na Tandahimba walisomewa bei za wanunuzi mnadani. Hata ya juu kabisa haikufika shilingi 3,000 kwa kilo, ilhali msimu uliotangulia baadhi ya minada ilivuka 4,000. Wakakataa kuuza. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya bei. Kwangu, kikubwa ni kwamba waliweza kukataa. Mwenye magunia matatu uani kwake hana ubavu huo. Mnunuzi akiwasha gari, mazungumzo yamekwisha. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007 mkoani Mtwara, huyapeleka magunia hayo kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Hupimwa, hupangwa kwa daraja, huunganishwa na ya majirani mpaka yakawa tani. Mnunuzi naye haingii tena gharama ya kuzunguka kijiji kwa kijiji, na mkulima mmoja akimkatalia, hapati mwingine wa kumrubuni pembeni.

Au ndivyo inavyotakiwa. Wakati mikorosho inapopuliziwa salfa kuzuia ubwiri unga, miezi kadhaa kabla ya mavuno, ndani hamna hela. Mtoto anaumwa, unga umekwisha. Hapo hufika mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua nje ya mfumo, noti mkononi, akinunua kwa bei ya kutupa korosho ambazo bado ziko mtini. Anayemuuzia simwiti msaliti, maana shida ni shida. Lakini kila gunia linalopita njia hiyo huwapunguzia nguvu waliobaki ghalani.

Kinachowazuia wengi wasimuuzie si masharti ya chama, ni ujirani. Kijijini siri ya kangomba haikai. Utakutana na wenzako msikitini, msibani, kwenye mkutano mkuu. Heshima ya mtu mbele ya majirani hubeba chama kuliko mhuri wake. Ila huvunjika upesi mizani ikichezewa, au malipo yakichelewa bila maelezo, kwa sababu hapo kila mtu huanza kuamini viongozi wamekula.

Ndiyo maana nikitaka kupima nguvu ya chama, siulizi kwanza bei ya mnada. Nauliza kama mwanachama anaweza kukopeshwa kwa riba nafuu wakati wa salfa, na korosho zikishauzwa, fedha huingia kwenye akaunti yake baada ya siku ngapi.