Mbuzi choma Nyeri: meza moja, till mbili

Ukifika Nyeri mjini saa saba mchana na njaa yako, usikimbilie menyu. Hoteli nyingi za nyama choma huku zinaanzia kwenye bucha, hapo mlangoni. Unachagua mguu au mbavu, unaambia mwenye bucha akupimie kilo, anakatakata ukiona, halafu nyama inaenda jikoni. Hapo utangoja. Na kwa ile baridi ya Nyandarua upande huu na Mlima Kenya upande ule, utaagiza supu kwanza.

Tulizunguka Nyeri, Karatina na Nanyuki tukiangalia watu wanavyolipa (na ndiyo, tulikula). Mutura ni ya jioni, kando ya barabara: matumbo yaliyojazwa nyama, damu, vitunguu na dhania, yakachomwa kwenye makaa. Inakatwa juu ya ubao, unatia chumvi, unakula umesimama. Mukimo nao ni viazi na mahindi vilivyopondwa na majani ya malenge. Wengine hutumia thabai, ule upupu wa kuwasha, na kwetu sisi huo ndio mtamu zaidi.

Sasa bili. Mara nyingi bucha na hoteli ni biashara mbili chini ya paa moja. Nyama unalipia bucha. Mukimo, ugali, kachumbari na soda unalipia kwa weita. Kwa hivyo meza moja, till mbili. Ukishiba ukalipa yote kwa till ya bucha, wewe unaenda zako, lakini weita ndiye anaulizwa pesa ya meza iko wapi, na kuna mahali anakatwa mshahara. Kwa hivyo uliza, "Hii ni till ya nani?" Jina likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kuthibitisha malipo. Ukiwa umeshakosea, usiondoke. Onyesha meseji palepale warudishiane, na kama pesa imeenda kwa mtu usiyemjua, pigia huduma kwa wateja mara moja kabla haijatolewa.

Kwa wenye bucha shida ni nyingine. Jumapili watu wamejaa, mteja anainua simu, "Imeenda, boss," na kilo mbili zinatoka na meseji feki. Usisome simu ya mteja, soma yako. Mkono ukiwa na damu ya nyama, mpe mtu mmoja kazi hiyo ya kuangalia simu tu. Na wewe mteja, ukiambiwa "ngoja kidogo iingie," usione umedharauliwa. Kilo mbili zikipotea, faida ya mbuzi mzima inaweza kwenda nazo.

Jambo dogo la mwisho: uliza bei ya kilo kabla kisu hakijaingia. Mfupa pia hupimwa.